Sauti na Vazi Lake

Sauti ni muhuri wa mtu. Uso huweza kufunikwa kwa utaji, na jina huweza kubadilishwa kwa kalamu, lakini mama humjua mwanawe gizani kwa kikohozi tu, na kipofu huwatambua jamaa zake kwa neno la kwanza watamkalo. Kwa sababu hiyo watu wameiamini sauti tangu kale. Nadhiri huwekwa kwa sauti, ndoa hufungwa kwa sauti, na ushahidi hutolewa kwa sauti. Muhuri ukighushiwa hati haina thamani. Basi, maadamu wako mafundi ambao kazi yao ni kuibadili sauti ya mwimbaji baada ya kutoka kinywani mwake na kabla ya kufika masikioni mwa msikilizaji, swali la haki haliepukiki: je, mafundi hao ni wapambaji au ni waghushi?

Swali hili si dogo kwa zama hizi. Karibu kila wimbo unaosikika katika redio, katika basi, arusini na katika simu ya mkononi umepita katika mikono yao. Wameurefusha kwa mwangwi, wameunenepesha kwa kuurudufu, wameukwaruza palipokuwa laini, na wameunyosha palipopinda. Mambo hayo huitwa madoido ya sauti. Wako wayasifuo kuwa ni maendeleo ya sanaa, na wako wayalaanio kuwa ni udanganyifu. Kila upande una hoja yake, na kila upande umesahau jambo.

Walaanio husema kwamba iko sauti tupu, safi, isiyoguswa, na kwamba kila kilichoongezwa juu yake ni uongo. Lakini sauti tupu haijapata kusikiwa na mtu ye yote. Sauti haifiki sikioni peke yake. Hufika pamoja na mahali ilipotolewa. Msomaji wa Kurani ndani ya msikiti wenye kuba, na msomaji yule yule chini ya mwembe, hawasikiki sawa, wala hapana amwitaye mwongo kwa sababu ya kuba. Kwaya iimbayo katika kanisa la mawe huazima ukubwa wa kanisa. Nazo ala zilipambwa kabla umeme haujajulikana. Mbira ya Washona hutiwa makoa au vifuniko vya chupa ili kila noti ifuatwe na mtetemo wa kukwaruza. Noti iliyotoka kavu, pasipo mtetemo huo, huonekana kama mboga isiyotiwa chumvi. Vibuyu vya balafoni ya Afrika ya Magharibi hutobolewa, na tundu likazibwa kwa utando wa buibui, ili mlio uvume kama nyuki. Watengenezaji wa ala hizo hawakuwa na haya ya kuongeza. Waliona kuwa mlio mtupu ni ubao, na kwamba ubao hutaka nakshi.

Umeme basi haukuleta madoido. Ulileta jambo jingine lililo zito zaidi: uliyatenga madoido na mahali. Zamani mwimbaji aliyetaka mwangwi alilifuata jumba. Sasa jumba humfuata mwimbaji. Thomas Edison alipotengeneza chombo chake cha kunasa sauti mwaka 1877, na kwa karibu miaka 50 baada yake, mwimbaji alisimama mbele ya pembe na kupaza sauti kwa nguvu zake zote, na mwenye sauti ndogo hakuwa na fungu lake. Mwaka 1925 makampuni ya santuri yalianza kunasa kwa maikrofoni na umeme. Hapo mtu kama Bing Crosby aliweza kuimba kwa upole kama anong'onaye sikioni mwa jirani, akasikiwa na maelfu. Jambo hili liliwatisha baadhi ya wakubwa. Mwaka 1932 Kadinali William O'Connell wa Boston aliwashutumu hadharani waimbaji wa namna hiyo, akauona uimbaji wao kuwa ni duni na wa kutia aibu. Leo hapana aonaye dhambi katika kunong'ona mbele ya maikrofoni. Fundisho lililomo ni hili: si kila kinachoshtua sikio huwa kimeikosea haki. Sikio ni mtumwa wa mazoea, na mazoea si hakimu.

Mwaka 1947, mjini Chicago, fundi Bill Putnam alikuwa akiwanasa wapiga kinanda cha mdomo walioitwa Harmonicats, katika wimbo wa "Peg o' My Heart". Alitaka mvumo mkubwa, wala hakuwa na ukumbi wa namna aliyoitaka. Alikipeleka kipaza sauti katika chumba cha maliwato, akatega maikrofoni humo, akauchanganya mwangwi wa kuta na wimbo wenyewe. Santuri hiyo ilipendwa sana. Mjini Memphis, Sam Phillips hakuhitaji hata chumba. Alitumia mashine mbili za kunasia kwenye utepe. Katika mashine ya namna hiyo kichwa kinachonasa na kichwa kinachosomea viko mbalimbali kidogo. Utepe huchukua kitambo kufika kutoka kwa kimoja hata kwa kingine, na kile kitambo ndicho mwangwi. Mwaka 1954 sauti ya kijana Elvis Presley ilianza kuvikwa mwangwi mfupi huo, ikatoka kama sauti yenye mwenziwe nyuma yake. Mwaka 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ikauza mwangwi wa bamba la chuma: bamba kubwa lililotundikwa katika sanduku, likatetemeshwa kwa sauti, na mtetemo wake ukanaswa tena.

Je, msikilizaji alidanganywa? Aliyeinunua santuri ya Presley hakuinunua kwa kuamini kwamba iliimbwa pangoni. Aliinunua kwa kuupenda wimbo. Mwangwi ulikuwa vazi, na vazi halidai kuwa ngozi. Anayevaa kanzu nyeupe hawaambii watu kwamba alizaliwa nayo. Watu humwona, humsifu, na humtambua. Madoido ya aina hii hayana kosa, kwa sababu hayakuahidi kitu ambacho hayakukitoa.

Aina ya pili ni ya ajabu zaidi, maana ilizaliwa na ubovu. Mjini Nashville, wimbo wa "Don't Worry" wa Marty Robbins ulikuwa ukinaswa, na gitaa la besi la Grady Martin likapita katika kifaa kilichoharibika. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo mnene kama wa msumeno. Waliokuwapo wangeweza kuufuta, waliuacha. Fundi Glenn Snoddy akachunguza namna ya kuutoa mkwaruzo ule kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikauza kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu kilichofanya kazi hiyo. Katika Uingereza, kijana Dave Davies alikata kwa wembe karatasi ya kipaza sauti chake, na mkwaruzo wa jeraha hilo ukasikika katika wimbo wa "You Really Got Me" mwaka 1964.

Yaliyotendwa kwa wembe katika Uingereza yalitendwa kwa uhitaji katika Kongo. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi, mpiga likembe, aliona kwamba ala yake ya vyuma vyembamba haiwezi kushindana na kelele za jiji. Alijiundia maikrofoni, akitumia sumaku zilizotoka katika magari makuukuu, na vipaza sauti vya kuungaunga. Vyombo hivyo havikuweza kuibeba sauti bila kuikwaruza. Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 hawakuukimbia mkwaruzo; waliufanya kuwa sehemu ya ngoma yao, na mtetemo ule ukalingana na mtetemo ambao ala za jadi zilitiwa kwa makusudi tangu zamani. Santuri yao ya mwaka 2004, "Congotronics", iliwafikisha masikioni mwa watu wa mabara mengine.

Mkwaruzo haufichi kitu. Gitaa lililojeruhiwa hulia kama lililojeruhiwa. Likembe iliyopita katika sumaku za gari bovu hutangaza umaskini wa chombo na ushujaa wa mwenye chombo kwa pamoja. Ikiwa mwangwi ni kanzu, mkwaruzo ni kovu. Na mtu aonyeshaye kovu lake hawezi kuitwa mwongo.

Mpaka hapa upande wa walaanio umeonekana kuwa na haraka. Lakini upande wa wasifuo nao una haraka yake, maana wao husema kwamba, kwa kuwa mwangwi hauna kosa na mkwaruzo hauna kosa, basi hakuna doido lo lote lenye kosa. Hayo ni sawa na kusema kwamba kwa kuwa kisu hukata mkate, hakiwezi kumkata mtu.

Iko mashine moja ambayo historia yake hulifumbua jambo hili vizuri. Katika miaka ya 1930 mhandisi Homer Dudley wa maabara za Bell, nchini Marekani, alibuni chombo kiitwacho vokoda. Kazi yake ilikuwa kuichambua sauti ya msemaji katika vipande vichache, ili isafirishwe kwa nafasi ndogo katika nyaya za simu, kisha iundwe upya mwisho wa safari. Katika Vita Kuu ya Pili chombo hicho kiliingizwa katika mtambo wa siri uliotumika tangu mwaka 1943, na mazungumzo ya wakubwa wa Marekani na Uingereza yakavuka bahari yakiwa yamevunjwavunjwa hata adui asiambulie neno. Baadaye wanamuziki walikichukua chombo kile kile wakakifanya kinanda kiseme kama mtu. Chombo kilichoficha sauti wakati wa vita hakikumkosea haki mtu aliyepelekewa ujumbe, maana yeye aliupata. Kilimnyima mwizi wa maneno, ambaye hakuwa na haki nayo. Hivyo kuficha peke yake si dhambi. Swali ni hili: kimefichwa kwa nani, na je, huyo aliyefichwa alikuwa na haki ya kukijua?

Hapa ndipo kipimo kinapopatikana. Baina ya mwimbaji na msikilizaji iko ahadi isiyoandikwa. Msikilizaji hutoa fedha yake, na zaidi ya fedha hutoa saa ya maisha yake na sehemu ya moyo wake. Mwimbaji naye hutoa kitu na kukipa jina. Sauti iliyotolewa kwa jina la mtu ni amana. Madoido yaiongezayo amana hayana lawama, na madoido yaibadilishayo amana kwa siri ni hiana.

Mfano wa mwaka 1952 unastahili kupimwa kwa kipimo hicho. Mwimbaji mkuu wa Norway, Kirsten Flagstad, alinaswa mjini London katika opera ya Wagner iitwayo "Tristan und Isolde", chini ya uongozi wa Wilhelm Furtwängler. Flagstad alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 55. Sauti yake ilikuwa bado ni hazina, lakini noti mbili za juu kabisa zilimtia shaka. Noti hizo mbili ziliimbwa kwa niaba yake na Elisabeth Schwarzkopf, ambaye baadaye aliolewa na msimamizi wa unasaji, na zikaunganishwa mahali pake. Opera hiyo ni ya muda wa saa nne hivi. Noti zenyewe hazijazi hata nusu dakika. Lakini siri ilipovuja, watu walizungumza habari za noti mbili kana kwamba maelfu ya noti nyingine hayakuimbwa, na jambo hilo lilimwuma sana Flagstad. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Noti mbili dhaifu zisingemvua heshima mwanamke wa umri ule. Wasikilizaji wangezisamehe, na labda wangezipenda, kama watu wapendavyo mvi za mzazi. Kilichomvua heshima ni vazi lenyewe lililokusudiwa kumsitiri.

Kinyume chake ni Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada. Mwaka 1964 aliacha kupiga mbele ya watu, akajifungia katika studio. Hakuona haya kuunganisha vipande vya tepe. Yeye mwenyewe alieleza kwa maandishi, mwaka 1966, jinsi alivyopiga fuga moja ya Bach mara nyingi, akaona kwamba safari ya sita ilikuwa nzito mno na ya nane nyepesi mno, na jinsi alivyozikata na kuziunga hata ikapatikana safari ya tatu ambayo mikono yake haikuwahi kuipiga kwa mfululizo. Kwa hesabu ya mkasi, Gould alikata zaidi ya waliomhudumia Flagstad. Lakini kila kipande kilikuwa chake, na mkasi wenyewe aliutangaza. Alisema wazi kwamba santuri si ushahidi wa jioni moja, bali ni kazi iliyotungwa, kama kitabu kilivyo kazi iliyotungwa, wala msomaji wa kitabu haulizi mistari mingapi ilifutwa. Kutokana na watu wawili hawa hudhihirika kwamba dhambi haipimwi kwa wingi wa kilichobadilishwa. Hupimwa kwa mambo mawili: kilichowekwa ni cha nani, na msikilizaji ameachwa aamini nini.

Mwaka 1997 kipimo hicho kiliwekwa majaribuni kuliko wakati wo wote uliotangulia. Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa ametumia hesabu za mawimbi ya sauti kutafuta mafuta chini ya ardhi, alitoa programu iitwayo Auto-Tune. Kazi yake ni kusikia noti iliyopotoka na kuisogeza mahali pake. Ikitumiwa kwa upole, msikilizaji hatambui cho chote. Husikia tu mwimbaji asiyekosea. Lakini mwaka 1998, katika wimbo wa "Believe" wa Cher, mafundi waliikaza programu hiyo mpaka sauti ikawa inaruka kutoka noti hata noti bila kuteleza, kama mtu apandaye ngazi za kioo. Mafundi wa wimbo huo walipoulizwa siri yao, kwanza walitaja chombo kingine. Baadaye ukweli ulijulikana, na tangu mwaka 2005 mwimbaji T-Pain aliufanya mlio huo kuwa alama yake. Ulienea duniani, ukafika Lagos, Kinshasa, Dar es Salaam na Nairobi. Na waimbaji wa Kiberiberi wa Morocco waliupenda kwa namna yao wenyewe, kwa kuwa mipindo ya koo zao hugongana na ngazi za mashine na kutoa cheche ambazo mtengenezaji hakuzikusudia.

Watu wengi walimlaumu T-Pain. Walisema kwamba hajui kuimba na kwamba mashine humwimbia. Mwaka 2014 aliketi mbele ya maikrofoni akaimba pasipo programu, na waliomlaumu wakastaajabu kuwa koo lake ni zuri. Tukio hili lina kitendawili ndani yake. Mtu aliyetumia chombo waziwazi, hata mtoto mdogo akaweza kukitambua, aliitwa mdanganyifu; na wengi waliokitumia kwa siri, noti kwa noti, walisifiwa kwa vipaji vyao. Watu waliihukumu rangi iliyoonekana, wakaisamehe sumu isiyoonekana. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini mkakasi uliotangaza kuwa ni mti haujamkosea mnunuzi.

Huenda mtu akauliza: ikiwa noti imenyoshwa na wimbo umependeza, nani ameumia? Majeruhi wako, ingawa hawalii kwa sauti kubwa. Wa kwanza ni mwanafunzi. Binti ajifunzaye kuimba husikiliza nyimbo mia, na katika zote hasikii koo hata moja likitetereka. Hujilinganisha nazo, akaona koo lake kuwa ni la aibu. Hajui kwamba anashindana na hesabu, si na binadamu. Kabla ya kipaji chake kukomaa amekwisha kukidharau. Wala haya hiyo haiwapati wanafunzi tu. John Lennon, ambaye sauti yake ilipendwa na mamilioni, hakuipenda mwenyewe, akawa akiomba ifunikwe. Mwaka 1966 fundi Ken Townsend, katika studio za Abbey Road, alibuni njia ya kuirudufu sauti kwa mashine ili Lennon asichoke kuimba mara mbili. Njia ile ilileta uzuri mwingi. Lakini haiondoi huzuni ya kuwa mtu aliyependwa hivyo alitaka kusikika kama mtu mwingine.

Majeruhi wa pili ni lugha ya muziki yenyewe. Chombo kirekebishacho lazima kiwe na maana yake ya usahihi. Kisipopangiwa vingine, usahihi wake ni ngazi ya noti 12 za piano. Lakini si kila muziki umejengwa juu ya piano. Katika taarabu ya Unguja, iliyopokea maqam za Kiarabu, ziko noti zikaazo baina ya vibao viwili vya piano, na utamu wa wimbo mara nyingi umo katika kuziendea polepole. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kunaswa katika santuri, hapakuwa na mashine ya kumsahihisha. Kama ingalikuwako, na kama fundi angaliiacha ifanye ipendavyo, ingaliona mipindo yake kuwa makosa, ikainyosha. Lingalikuwa jambo la kusikitisha sana: ufasaha wa watu mmoja kufutwa kwa kufikiriwa kuwa ni kigugumizi cha watu wengine.

Majeruhi wa tatu ni mtu aliyefichwa nyuma ya pazia. Mwaka 1990 vijana wawili, Rob Pilatus na Fab Morvan, waliojulikana kwa jina la Milli Vanilli, walipewa tuzo ya Grammy. Mwaka ule ule ilithibitika kwamba hawakuimba hata neno katika santuri yao. Waliimba watu wengine waliochaguliwa na mtayarishaji wao, Frank Farian, katika Ujerumani. Tuzo ilinyang'anywa. Jambo hilo si doido tena, lakini ni mwisho wa barabara ile ile. Aliyeanza kwa kuamini kwamba sauti ni malighafi tu, isiyo ya mtu, hana sababu ya kusimama njiani. Katika kisa hicho msikilizaji aliibiwa imani. Walioimba waliibiwa jina. Na vijana wawili waliosimama mbele ya watu waliibiwa nafsi zao, wakacheka na kucheza katika ngozi isiyo yao mpaka ikachanika. Pilatus alifariki mwaka 1998. Njia ya mwongo ni fupi, lakini waipitao aghalabu si wale walioichonga.

Mwaka 2023 ulileta mizani mbili kwa pamoja. Katika mwaka huo wimbo wa Beatles uitwao "Now and Then" ulitolewa. Lennon, aliyeuawa mwaka 1980, aliuacha katika kaseti ya nyumbani, na piano iliifunika sauti yake hata isitengeke. Kompyuta iliyofundishwa kutofautisha milio iliitenga, wenzake waliobaki hai wakamalizia kazi, na jambo zima likaelezwa kwa watu. Mashine haikumtungia marehemu sauti. Ilimwondolea mchanga usoni. Katika mwaka huo huo mtu aliyejificha kwa jina la Ghostwriter alitoa wimbo wa "Heart on My Sleeve", wenye sauti zilizoigwa kwa kompyuta za Drake na The Weeknd, ambao hawakuuimba wala hawakuuruhusu. Uliondolewa katika mitandao baada ya siku chache. Ustadi wa kazi mbili hizi ni wa jamaa moja, na hukumu zake ni mbalimbali kama mchana na usiku. Ya kwanza ilimrudishia mwenye amana amana yake. Ya pili ilivaa ngozi ya mtu aliye hai.

Liko jibu ambalo watumiao madoido ya siri hulitoa kwa kujiamini: kwamba siku hizi kila mtu anajua kuwa nyimbo husahihishwa, na palipo na kujua hapana udanganyifu. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Anayejua ni fundi, mwandishi wa habari na mtu mzima aliyezoea mambo. Mtoto hajui, mwanafunzi hajui, na mpenzi wa wimbo hataki kujua. Tena iko tofauti kubwa kati ya kujua kwamba madoido yapo na kujua yapo wapi. Mnunuzi ajuaye kwamba katika soko mna maziwa yaliyotiwa maji bado amedhulumiwa akiuziwa maji kwa bei ya maziwa. Desturi ya udanganyifu haiugeuzi udanganyifu kuwa ukweli. Huufanya tu usitambulike.

Haifuati kwamba mwimbaji aandike juu ya kila wimbo orodha ya vyombo vilivyomgusa. Mpambaji wa bibi arusi hasomi mbele ya wageni hesabu ya manukato. Linalotakiwa ni jepesi kutajwa na zito kutendwa. Mtayarishaji, kabla hajaipeleka kazi yake kwa watu, na afikiri kwamba pazia limefunguliwa na msikilizaji ameingia studioni akaona yote. Ikiwa msikilizaji huyo atatoka akiupenda wimbo zaidi, kwa kuwa ameona ustadi uliotia mwangwi katika maliwato, basi doido lile ni halali. Ikiwa atatoka ameinamisha kichwa, akijiona mjinga kwa machozi aliyoyatoa, basi yapo yaliyochukuliwa kwake bila ridhaa. Na mwimbaji naye na ajiulize usiku, studio zikiwa zimefungwa na umeme umezimwa, kama anaweza kumwimbia mtoto wake wimbo wake mwenyewe, na mtoto akautambua.

Wanaoogopa kwamba mashine zitaua sauti ya binadamu huogopa kitu kisicho na nia. Mashine haina haya wala hila; haya na hila ni za wenye mikono. Bamba la chuma, kisanduku cha kukanyaga, utepe na programu ya kompyuta vitaendelea kubuniwa, na vingine vyenye nguvu kuliko hivyo viko njiani. Vyote ni vitambaa. Mshonaji mwema huchukua kitambaa akampima mtu, kisha akamshonea nguo ambayo, mtu huyo akiivaa, jamaa zake humtambua toka mbali na kufurahi. Mshonaji mwovu hushona nguo kwanza, halafu akamkata mtu aenee ndani yake.